Chama cha Kumi na Mbili

Justus Kinoti alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huohuo ndio uliomponza. Kwao Kangeta, juu kule Meru, mwalimu alikuwa akilipitisha daftari lake darasa zima ili wengine waone haya. Alipoomba kazi ya ukarani serikalini hakuulizwa mengi. Waliitazama barua yake, wakamwajiri, wakampeleka Garissa. Mama yake alilia, maana Garissa ya mwaka wa 1965 haikuwa mahali pa kumpeleka mtoto wa mtu. Vita vya mashifta, wapiganaji wa porini waliotaka mkoa ujitenge, vilikuwa vikiendelea kwa mwaka na zaidi, magari yalisafiri kwa misafara yakilindwa na askari, na kila aliyerudi kutoka huko alirudi na hadithi ya kumnyima mtu usingizi. Kinoti mwenyewe hakulia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na alikuwa amepata mshahara.

Ofisi ya maendeleo ilikuwa vyumba viwili vya mabati na stoo nyuma. Mkubwa wake aliitwa Bwana Musyoka, mtu wa Mwingi, mpole, mwenye moyo mwema na tabia moja mbaya: alitia sahihi kwanza na kusoma baadaye, na hiyo baadaye mara nyingi haikufika. Kinoti aliandika, Musyoka akatia sahihi, na ofisi ikaenda.

Sasa, zamani mtu wa huko akitaka kumsaidia mwenziwe alimsaidia tu. Mwaka wa 1966 serikali ikasema hapana, asaidie kwa utaratibu. Ukaja waraka kwamba kila kikundi cha kujitolea lazima kiandikishwe: kiwe na jina, kiwe na mwenyekiti, kiwe na orodha ya watu wake. Kilichoandikwa kingepewa msaada wa unga, maziwa ya unga au majora ya amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Kisichoandikwa kilikuwa mkutano usio halali, na katika mkoa uliokuwa chini ya sheria ya hatari, mkutano usio halali ulikuwa na dawa yake. Ofisi nayo ilipewa masharti yake. Fungu la mwaka lilikuwa limekatwa kwa ajili ya vikundi kumi na viwili. Vikipungua hata kimoja kufikia mwisho wa Juni, fungu la mwaka unaofuata lingepunguzwa, na pamoja nalo karani mdogo. Karani mdogo alikuwa Kinoti.

Mei ilipokwisha alikuwa na vikundi kumi na kimoja.

"Kuna akina mama huko Balambala," Musyoka alimwambia. "Nasikia wanafanya kazi ya kujitolea miaka nenda miaka rudi. Nenda kawaandike."

"Wanafanya kazi gani?"

"Utawauliza. Wewe leta karatasi."

Kinoti alipanda lori la polisi, wakaufuata mto Tana kwenda juu, siku nzima ya vumbi na kusimamasimama. Balambala ya wakati huo ilikuwa kijiji cha seng'enge. Wafugaji walikuwa wamekusanywa kutoka malishoni wakatiwa ndani ya uzio, wasipate kuwalisha mashifta, na geti lilifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Ng'ombe waliobaki hai walikuwa wachache. Surua ilikuwa imeingia kwa watoto.

Alipelekwa kwa Ebla. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyotulia mapajani. Kiswahili alikuwa amekipata sokoni Garissa alipokuwa akiuza chai enzi za mumewe. Kando yake alikaa binti yake Saynab, mwenye mimba changa, akipepeta mtama na kusikiliza. Mume wa Saynab alikuwa na ng'ombe upande wa Kotile tangu uzio ulipowekwa miezi miwili nyuma, na ruhusa ya kuingia ndani alikuwa hajaipata.

"Karibu, karani," alisema Ebla. "Bole kwa safari."

Kinoti akaeleza alichokijia. Alipolitaja neno chama, Saynab aliacha kupepeta. Katika nchi ile, miaka ile, chama lilikuwa neno la kumtoa mtu jasho. Kulikuwa na waliowahi kuwa na chama cha siasa, na wengi wao walikuwa kizuizini.

"Sisi hatuna chama," Ebla alisema. "Sisi ni wamama tu. Mtu akikufa, tunakuja. Maiti hana chama."

Akamweleza kazi yao, na Kinoti akakaa pembeni kidogo ya mkeka, kwa maana habari ya maiti ilimsumbua. Bibi yake alikuwa mtu wa zamani hasa. Kwao, zamani hizo, maiti hakuguswa ovyo wala hakutajwa, na mtoto aliyetaja alipigwa kofi la mdomo. Kinoti alikuwa amebatizwa na kusoma hadi darasa la nane, lakini kofi lile lilikuwa halijamtoka.

Akina mama hawa kumi na watatu walikuwa na desturi yao. Kila mmoja akinunua kitambaa cheupe, kwanza hupima mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akakata, akatia ndani ya sanduku la Ebla. Waliuita mkono wa marehemu. Akifa mwanamke au mtoto, wao ndio waliomwosha na kumshonea sanda, awe wa kwao au wa ukoo mwingine, wa kijijini au wa porini, hata msafiri aliyeokotwa njiani bila mtu wa kumlilia. Hakuna aliyewalipa wala aliyewaagiza. Lakini tangu uzio ulipowekwa, mwenye duka hakuleta tena kitambaa, na sanduku lilikuwa tupu. Wiki iliyopita mtoto wa miaka miwili alizikwa kwa kipande cha gunia.

"Kati yenu mkubwa ni nani?" Kinoti aliuliza.

"Mkubwa ni yule ameleta maji siku hiyo."

"Serikali inataka mwenyekiti."

Ebla akafikiri. "Basi andika mimi. Lakini hiyo amerikani italetwa kweli?"

"Mama, msipoandikwa, serikali haitawajua. Mkiandikwa, itawajua. Na ikiwajua, italeta."

Hapo Kinoti alisema kweli tupu, na aliisema kwa moyo safi.

Akaandika majina kumi na matatu, moja chini ya jingine, safi kama ya daftari la shule. Halafu akafika kwenye mstari uliosema Kazi ya Chama. Kinoti alikuwa na msimamo wake juu ya mstari huo: aliandika maneno ya watu wenyewe, hakuwatungia. Akamwomba Ebla aseme kwa ufupi.

Ebla akasema, "Tunafisha watu hawana mwenyewe. Wa kijijini na wa borini."

Kinoti alikwisha kukaa Garissa mwaka mzima. Alijua kwamba huko pole ni bole na vyombo ni fyombo, na yeye na makarani wenzake walikuwa wakichekeana kwa hayo wakati wa chai. Lakini siku ile joto lilikuwa kali, dereva wa lori alikuwa akipiga honi getini, na habari yenyewe ilikuwa ya maiti, aliyotaka imalizike upesi. Alisikia tunaficha. Hakuona ajabu. Maiti husitiriwa, akafikiri, na kusitiri si ndiko kuficha. Huyu mama anasema kwa lugha ya adabu. Neno maiti lenyewe kalamu yake ililikwepa, kwa sababu ya lile kofi. Akaandika kwa herufi zake nzuri: Kuficha watu wasio na mwenyewe, wa kijijini na wa porini.

Kisha akawasomea masharti. Amerikani ni ya wakazi wa ndani ya uzio tu, na kila anayevishwa jina lake liandikwe na mkuu wa kijiji, Mzee Nunow.

"Na yule amekufia nje?" Ebla aliuliza.

"Huyo hayumo katika waraka."

"Tumefisha wa nje miaka yote."

"Mama, sikuandika mimi huo waraka."

Ebla aliwageukia wenzake wakasemezana kwa Kisomali, na haikuwa nyepesi, maana wawili walisimama wakaondoka kwa hasira. Majina yao yalibaki kwenye karatasi. Mwishowe Ebla alisema kwamba watoto wanakufa na gunia si sanda, akaweka kidole gumba kwenye wino.

Musyoka alitia sahihi bila kusoma. "Kumi na mbili," alisema, akafurahi kama mtu aliyefunga bao. Nakala moja ikabaki jaladani, moja ikaenda Nairobi, na ya tatu, kama sheria ya hatari ilivyotaka, ikaenda kwa watu wa usalama. Agosti majora mawili ya amerikani yakapelekwa Balambala. Kinoti mwenyewe alishona vibandiko vya kitambaa juu yake na kuandika jina la chama. Aliona fahari, na siku ile hakuwa na sababu ya kuona jingine.

Nakala ya tatu ilisomwa Oktoba. Kulikuwa na shambulio barabarani, kukaulizwa ni nani wanaowapa mashifta mahali pa kujisitiri, na ofisa mmoja wa usalama, kijana mwenye bidii, akapekua majalada. Akaikuta. Kuficha watu wa porini! Wamekiri wenyewe, wameandika majina, na tena wanapewa nguo na serikali. Ebla akachukuliwa alfajiri geti lilipofunguliwa. Majora nayo yakachukuliwa, jora moja zima na jingine nusu, na kwa kuwa kituo hakikuwa na nafasi, yakarudishwa kutunzwa katika stoo ya ofisi ya maendeleo, kama ushahidi.

Musyoka alimwita Kinoti, akasukuma karatasi mbele yake. "Soma hapa."

Kinoti akasoma. Alisoma mara moja tu, na mara hiyo neno likageuka mbele ya macho yake. Si kuficha. Kuvisha.

"Bwana, hii nadhani..."

"Usidhani," Musyoka alisema, na upole wake ulikuwa umemtoka. "Nisikilize, Justus. Kama hayo ni maneno ya mama yule, ni yake. Kama ni kosa letu, basi ofisi hii imempa msaada mtu ambaye hata haikujua anafanya nini, na mimi nimetia sahihi. Kumi na mbili inakuwa kumi na moja. Wewe unarudi Kangeta, na mimi sijui narudi wapi. Funika kombe mwanaharamu apite. Watamhoji, wataona ni mama mzee tu, watamwachia."

Kinoti akalishika hilo la mwisho, watamwachia, akaenda nalo nyumbani.

Kesho yake aliitwa kwenye mahojiano, kwa kuwa ndiye aliyeandika. Ebla alikuwa ameketi kwenye benchi, kashika mtandio wake chini ya kidevu. Alipomwona Kinoti uso wake ulifunguka. Alikuwa ameona mtu anayemjua.

"Haya ni maneno yake au ni yako?" ofisa aliuliza.

Kinoti alikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, ofisa hakuwa ameshika fimbo wala bastola, alikuwa ameshika kikombe cha chai. Hakuna aliyemtisha. Mara nyingi baadaye alitamani angetishwa.

"Ni maneno yake, bwana. Mimi huandika wanavyosema."

Ofisa akamgeukia Ebla. "Mama, useme mwenyewe. Mlikuwa mnawafanya nini hao watu wa porini?"

Ebla alijibu bila woga, kwa sababu aliulizwa habari ya kazi njema. "Tulikuwa tunafisha. Yeye karani anajua. Tunafisha wao fizuri, halafu tunazika."

"Mnaficha, halafu mnazika." Ofisa akatikisa kichwa. "Mnazika nini, bunduki?"

Ebla hakuelewa. Alimtazama Kinoti amsaidie. Katika chumba kile walikuwamo watu watatu, na mmoja tu ndiye aliyesikia yote mawili, lililosemwa na lililosikiwa. Neno moja lingetosha. Mtu yeyote aliyekaa Garissa miezi mitatu angecheka na kusema, bwana, huyu anasema kuvisha. Kinoti alitazama kikombe cha chai. Akajiambia kwamba atasema akiulizwa, na hakuulizwa.

Ebla akawekwa ndani.

Kinoti aliendelea na kazi. Taarifa ya robo mwaka ilitakiwa, akaandika vikundi kumi na viwili, vyote vinafanya kazi, cha Balambala kikiwemo. Musyoka akatia sahihi. Nairobi wakajibu kwa kupongeza. Chakula kilimpita Kinoti kooni kama mchanga, lakini kilipita. Aliona aibu kwamba kilipita. Kila asubuhi alipofungua stoo kuchukua karatasi, aliyaona majora yale, na vibandiko alivyovishona mwenyewe. Alijaribu kuyageuza yaelekee ukutani. Akasema moyoni wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akasema ijayo.

Karibu na mwisho wa Novemba Mzee Nunow alikuja kutoka Balambala na karatasi zake za hesabu ya kijiji. Alikuwa mkuu wa kijiji asiyependa ukuu, mzee wa maneno machache, na karatasi alizishika kwa vidole viwili tu.

Kinoti akapokea, akasoma. Waliofariki: tisa. Waliovishwa: hakuna.

"Mzee, mbona hapa umeandika hakuna?"

"Kwa sababu hakuna."

"Na wale akina mama?"

"Wamama wanaogoba. Jina yao iko kwa karatasi. Ebla alichukuliwa kwa hiyo karatasi. Sasa mtu akikufa, kila mama anafunga nyumba. Nani anataka kuonekana anaosha?"

Kinoti akapitisha kidole kwenye majina, kwa mazoea ya kazi. La saba lilikuwa Saynab.

"Huyu ni nani?"

"Binti ya Ebla. Alikuwa anazaa, mtoto alikuja mabema. Wote wawili." Nunow akazitazama karatasi. "Bwana yake yuko Kotile, hakuwa kijijini. Mwanaume mwingine hawezi kumwosha. Sheria ya dini inasema kama hakuna mwanamke, mnamfanyia kwa mchanga. Tulishika mchanga, tukambangusa juu ya nguo yake, mimi na mzee mwingine. Tulimfunga na mkeka." Akaongeza bila kupandisha sauti, "Na wanawake walikuwa wamejaa kijiji."

"Mama yake anajua?"

"Nimetoka kumwambia sasa hivi, kwa dirisha ya kituo."

Mzee alipoondoka, Kinoti alikwenda stoo akafunga mlango. Jora lile zima lilikuwa na yadi arobaini. Alisimama akiligusa, akalia, na akilia alijua kwamba analia kwa kuchelewa.

Jioni ile aliandika barua ya kusahihisha. Hapo ungedhani ameutua mzigo. Aliandika nakala ya kwanza, iliyosema kwamba yeye, Justus Kinoti, alisikia vibaya, na baadaye akatambua, na akanyamaza. Akaisoma, akaiona Kangeta, akaiona barabara ya kurudi kwao na watu wakiuliza kulikoni. Akaichana. Nakala ya pili ilisema kwamba, kwa sababu ya matamshi mabaya ya wenyeji wa eneo hili, mhusika alitamka neno kuvisha kana kwamba ni kuficha, na hivyo kuipotosha ofisi. Hiyo ndiyo aliyopeleka. Mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote.

Ikafanya kazi. Ofisa wa usalama alicheka sana, akasema ulimi hauna mfupa, akamfungulia Ebla.

Siku ya tatu Ebla alikuja ofisini. Alikuwa amekonda, na alitembea kama mtu anayejaribu sakafu. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Alikuwa ameyapata kwa jamaa zake wa mjini, watu wasio na maziwa ya kugawa. Aliyaweka juu ya meza ya Kinoti.

"Ni ya wewe," alisema. "Nimesikia ni wewe umeandika barua. Askari ameniambia. Mungu akulibe, mwanangu."

Alikuwa hajawahi kumwita mwanangu. Kinoti alimwambia pole kwa msiba.

Ebla akaketi. "Yule mkubwa wa askari ameniambia, mama, ni ulimi yako imekubonza. Ati nilisema neno fibaya, ikawa neno ya shifta. Nimefikiria sana huko ndani. Kama ningesema fizuri, wamama hawangeogoba. Wangemwosha Saynab." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, upesi, kama anayefuta vumbi. "Basi nimekuja unifundishe. Wewe ni mtu ya kusoma. Nifundishe hilo neno, nisiliharibu tena mbele ya serikali."

Kinoti alimwangalia. Mama wa watu alikuwa ameegemea mbele, tayari kama mtoto wa darasa la kwanza. Na yeye, kwa sababu hakujua afanye nini, akaanza kumfundisha. Alimwonyesha: meno ya juu yaguse mdomo wa chini, halafu sauti itoke kooni. Vvv.

"Fff," Ebla alisema.

"Tia sauti, mama. Vvv. Ku-vi-sha."

"Ku-fi-sha." Akatikisa kichwa, akajikasirikia. "Hii ulimi yangu. Hii ulimi imeua haki ya mtoto wangu."

Akajaribu tena, na tena. Mate yakamtoka kidogo akaona haya, akafuta, akarudia. Mara ya saba au ya nane ilitoka, dhaifu lakini safi. "Ku-vi-sha." Akamtazama Kinoti kuona kama amesema sawa.

Kinoti hakuweza tena.

"Mama, si ulimi wako," alisema. "Ulimi wako hauna kosa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

"Ulisikia fibaya. Ni sawa. Mtu anasikia fibaya."

"Siku ya kwanza nilisikia vibaya. Siku ile kule kwa ofisa, ulipokuwa kwenye benchi, nilikusikia vizuri. Nilijua unasema kuvisha. Nikanyamaza."

Mikono mikubwa ya Ebla ilikuwa imelala mapajani, kama siku ile Balambala. Halafu kidole gumba kikaanza kupita kwenye viungo vya vidole vingine, kimoja kimoja, kama wanavyohesabu watu wa huko.

"Siku ile ya benchi ilikuwa Rajab mwanzo," alisema. "Saynab amekufa Shaaban siku ya nne." Kidole kikasimama. "Ilikuwa mwezi mzima, karani."

"Ndiyo, mama."

"Mwezi mzima ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe, angalau apate kitu cha kubeba. Ebla aliinuka polepole, akaweka mtandio sawa. Pale mlangoni mwa stoo, nyuma ya kiti cha Kinoti, majora yalionekana, na Ebla aliyaona. Hakusoma kibandiko, maana hakujua kusoma, lakini kitambaa chake alikijua.

Kinoti akasema haraka, "Nitakuombea ruhusa uyachukue, mama. Nitaandika upya. Chama bado kimo katika orodha, hakijafutwa."

"Mama kumi na tatu walikuwa wanakata mkono moja moja," Ebla alisema. "Hakuna mtu alikuwa anajua sisi. Na hakuna maiti alikaa bila nguo, hata wa nje. Wewe ulikuja ukaniambia, mkiandikwa, serikali itawajua." Alikuwa amekwisha kugeuka, akasema akielekea mlangoni, bila hasira. "Basi, imetujua."

Maziwa aliyaacha mezani.

Mchana ule Kinoti aliandika tena ile nakala ya kwanza, aliyoichana, neno kwa neno, na jina lake chini. Alimpelekea Musyoka, na Musyoka akatia sahihi bila kusoma, ikaingia jaladani. Kinoti akangoja aitwe. Alingoja Ramadhani yote, akangoja mwaka mpya, akangoja hadi Juni ya 1967, taarifa ya mwaka ilipopelekwa na vikundi vyake kumi na viwili. Julai ikaja barua kutoka Nairobi: karani Justus Kinoti apandishwe daraja, kwa utunzaji mzuri wa kumbukumbu.

Kwa mshahara wa kwanza wa daraja jipya alinunua amerikani dukani Garissa. Mwenye duka alimuuliza yadi ngapi. Kinoti akaunyosha mkono wake juu ya meza, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akasema akate hapo kwanza.